Lubumbashi: Wifi ya bure isigeuke mtego kwa wasio na mega

Ifikapo saa kumi na mbili za jioni, katikati ya mji wa Lubumbashi, kuna kuta ambazo vijana huziegemea kwa sababu moja tu. Ndani ni hoteli, mgahawa au ofisi ya shirika fulani. Nje, kando ya barabara, wamesimama watatu au wanne, simu mkononi, kila uso umemulikwa na kioo chake. Hakuna wanayemngoja. Wamepata neno la siri la wifi ya nyumba ile, labda kwa mlinzi, labda kwa rafiki aliyewahi kuingia humo kunywa Fanta moja, na wanajua mpaka hatua ambayo ukiivuka mtandao unapotea. Mlinzi mwenye moyo mwema anawaacha. Mwenye hasira anawafukuza; wanavuka barabara, na baada ya dakika kumi wamerudi.

Hakuna sababu ya kuwacheka. Mwanafunzi anayeandika kazi yake ya mwisho wa masomo anahitaji kupakua vitabu ambavyo maktaba haina, na kumtumia mwalimu wake kurasa ishirini kila juma. Kijana anayetafuta kazi katika kampuni za migodi hawezi tena kubeba bahasha hadi mlangoni. Anaambiwa atume barua zake kwa intaneti, na tangazo lenyewe limetoka kwenye intaneti. Mama anayeuza nguo Kenya au Katuba anapokea maombi ya wateja kwa WhatsApp, na picha za mzigo mpya lazima zifike kwao kabla mwenzake hajawatumia zake. Wote hao wananunua mega kwa franka mia chache, zinaisha kabla ya jua kuzama, na chakula cha jioni bado hakijanunuliwa. Wifi ya bure kwao ni njia ya kufanya kazi.

Ndiyo maana suala la wapi wifi hiyo inapatikana, na jinsi ya kuitumia bila kuibiwa, linastahili kuzungumzwa kwa uzito kuliko linavyozungumzwa sasa. Zamani simu ilikuwa ya kupigia. Leo simu ndiyo mfuko. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zimo ndani yake. Karo ya watoto inapita humo, mshahara wa walinzi na wafanyakazi wa nyumbani unapita humo, na akiba ya likelemba pia. Mtu anayejiunga na mtandao asioujua akiwa na simu ya namna hiyo ameingia sokoni na pochi wazi. Na anayelazimika kufanya hivyo kila siku ni yule asiye na uwezo wa kununua mega, yaani yule ambaye dola ishirini zikimpotea, mwezi wake umekwisha.

Kwanza, zinapatikana wapi? Lubumbashi haina ramani ya wifi za bure, na programu za simu zinazodai kuijua dunia nzima zinaujua mji huu kidogo sana. Baadhi yake ni hatari zenyewe: zinaomba ruhusa ya kusoma orodha ya watu wote waliomo kwenye simu, na nyingine zinachukua maneno ya siri yaliyohifadhiwa humo na kuyagawia wageni. Mtu anadhani ameokota wifi ya jirani, kumbe ameitangaza ya shangazi yake. Njia ya kweli hapa ni ya kuuliza. Ni mahali gani mteja anapewa neno la siri pamoja na soda? Ni kitivo gani kinaacha mtandao wazi kwa wanafunzi, na saa ngapi? Ni maktaba ipi, kituo kipi cha utamaduni, parokia ipi yenye ukumbi wa vijana na mtandao unaofanya kazi? Majibu ya maswali haya hubadilika kila mwezi, kwa kuwa anayelipa bili ya intaneti akichoka, anazima. SNEL nayo ikikata umeme, wifi ya mtaa mzima inalala.

Wanaozoea kazi hii wana desturi zao, na ni nzuri. Wanakwenda asubuhi mapema, kabla watu hawajajaa kwenye mtandao mmoja. Wanaandika kwenye karatasi kila wanachotaka kupakua, wanakipakua chote kwa pamoja, kisha wanarudi kusoma nyumbani bila intaneti. Kabla ya kuondoka nyumbani wamezima kazi zinazokula mtandao kimya kimya, kama vile kuhifadhi picha na kuongeza programu matoleo mapya. Na pale ambapo ruta inatoa mitandao miwili yenye jina moja, mmoja ukiwa na namba 5G mwishoni, wanajua kwamba ule wa kawaida ndio unaofika mbali na kupenya ukuta vizuri zaidi, ingawa una mwendo wa pole. Hiyo 5G ya kwenye ruta, kwa njia, haihusiani kabisa na 5G ya kampuni za simu. Wapo wanaouza maneno hayo mawili kana kwamba ni kitu kimoja.

Upande wa usalama ndio wenye maneno mengi na maarifa machache. Mjini watu wanaogopeshana kwamba ukishika wifi ya bure, kuna mtu amekaa kwenye kona na kompyuta, anasoma kila ujumbe wako. Hofu hiyo ina asili yake, ila imepitwa na wakati kwa sehemu kubwa. Tangu mwaka 2016 ujumbe wa WhatsApp unafungwa kwa ufunguo ndani ya simu ya anayetuma na kufunguliwa ndani ya simu ya anayepokea. Mwenye ruta katikati hawezi kuusoma. Tovuti nyingi leo, zikiwemo za benki na barua-pepe, zinatumia ulinzi kama huo, ule unaoonekana kwa herufi https mwanzoni mwa anwani. Mwenye mtandao anaweza kujua kwamba mtu fulani ametembelea tovuti ya benki fulani saa nne asubuhi. Hawezi kuona aliandika nini humo. Tovuti isiyo na ulinzi huo, hiyo ndiyo anayoweza kuisoma kama gazeti, na simu zenyewe siku hizi hutoa onyo. Anayelipuuza onyo hilo ili amalize haraka, amejifungulia mlango mwenyewe.

Mwizi wa leo, basi, hahangaiki kuvunja kufuli. Anamwomba mwenye nyumba ufunguo, na anapewa.

Inavyokuwa ni hivi. Jina la wifi ni jina tu. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kuwasha mtandao wake mwenyewe na kuuita kwa jina la hoteli iliyo jirani, au jina la chuo, au "Wifi ya bure". Simu ya mpita njia inaona jina, mpita njia anabonyeza. Na kama mtandao wa kweli hauna neno la siri na simu ile iliwahi kujiunga nao, inaweza hata kujiunga na ule wa uongo yenyewe, bila kuuliza, mwenye simu akiwa anazungumza na watu. Kisha unafunguka ukurasa mzuri wenye rangi za kampuni inayojulikana. Unaomba namba ya simu. Watu wengi wanaandika, kwa kuwa hata wifi halali za hoteli na viwanja vya ndege huomba namba. Baada ya sekunde chache unafika ujumbe wenye tarakimu sita, na ukurasa unasema: andika tarakimu hizo hapa ili intaneti ifunguke.

Tarakimu zile mara nyingine hazikutoka kwenye wifi. Zimetoka WhatsApp, kwa sababu mahali fulani mwizi ameandika namba ile ile kwenye simu yake akitaka kufungua akaunti ya mwenyewe. Aliyeziandika kwenye ukurasa amemkabidhi. Dakika chache baadaye anatolewa kwenye WhatsApp yake, na ndugu zake Likasi, Kolwezi, Kinshasa hadi Ubelgiji wanaanza kupokea ujumbe: "Yaya, niko na tatizo kubwa, nisaidie dola 50, kesho nitakurudishia. Usinipigie, simu ina shida, tuma tu kwa namba hii." Jina ni lake, picha ni yake. Yaya anatuma.

Wizi huu hauhitaji hata wifi. Unafanyika pia kwa kupiga simu na kujifanya mfanyakazi wa kampuni. Lakini wifi ya bure inaurahisisha, maana mtu aliyesimama ukutani akiwa na haraka, giza likiingia na mlinzi akimwangalia kwa jicho baya, hasomi ujumbe mpaka mwisho. Ujumbe wenyewe husema wazi kwamba tarakimu hizo asipewe mtu yeyote. Kinga ipo na ni ya bure: ndani ya mipangilio ya WhatsApp kuna uthibitisho wa hatua mbili, ambapo mwenye akaunti anachagua namba yake ya siri ya tarakimu sita. Akiiweka, mwizi aliyepata zile tarakimu za ujumbe bado anakuta mlango wa pili. Kazi ya dakika mbili, na wengi bado hawajaifanya.

Kuhusu fedha, kanuni ni nyepesi zaidi, na ajabu ni kwamba kila mtu wa kabini aliyekaa chini ya mwavuli wake anaweza kuieleza. Kutuma pesa kwa kupiga ile namba fupi yenye nyota na alama ya reli hakupiti kwenye wifi kabisa. Kunapita kwenye mtandao wa kampuni ya simu, kunafanya kazi hata kwenye simu ndogo ya tochi, na hakuhitaji mega hata moja. Mtu aliye kwenye wifi asiyoijua na anayetaka kutuma pesa hana sababu ya kupitia ukurasa wowote wa intaneti. Na ukurasa wa wifi unaouliza namba ya siri ya M-Pesa, ya Airtel Money au ya Orange Money, iwe kwa kisingizio cha zawadi, cha bonasi au cha "kuthibitisha mteja", ni wa mwizi. Hapo hakuna cha kujadili.

Mambo mengine yanaweza kusemwa kwa haraka. Mtu akimaliza kutumia wifi ya mahali asiporudi mara kwa mara, aifute kwenye simu ili simu isijiunge tena yenyewe. Anayetumia kompyuta ya watu wote, kwenye nyumba za intaneti zilizobaki karibu na vyuo, ahakikishe ametoka kwenye barua-pepe yake kabla ya kuinuka, na aangalie kwenye WhatsApp orodha ya vifaa vilivyounganishwa; kuna wanaoacha ujumbe wao wazi kwenye kompyuta hizo kwa majuma. VPN za bure, ambazo Wakongomani wengi walizijua wakati mitandao ya kijamii ilipofungwa Desemba 2016, hazifai kuaminiwa kwa kuwa tu ni za bure: mwenye kuendesha VPN anakaa pale pale alipokuwa mwenye wifi, na naye ana bili za kulipa. Na yule anayesimama nje usiku akiwa amezama kwenye kioo, kifaa cha bei kubwa kuliko vyote alivyo navyo kikiwa kimeshikwa kwa vidole viwili, hahitaji kusomewa habari za wadukuzi. Pikipiki moja inatosha.

Lakini si haki kumwachia mwanafunzi na mama wa sokoni mzigo wote huu. Wenye wifi nao wana deni. Hoteli, mgahawa na hata shule nyingi hapa zinafunga ruta kama ilivyotoka dukani, pamoja na neno la siri la kiwandani ambalo limeandikwa kwenye vitabu vya maelekezo duniani kote. Mteja mwenye ujanja kidogo anaingia ndani ya ruta hiyo kutoka mezani pake na kuipindua atakavyo, awapeleke wateja wenzake kwenye kurasa za uongo bila hata kuunda wifi ya bandia. Wageni wanawekwa kwenye mtandao mmoja na kompyuta ya mhasibu. Karibu kila ruta ya siku hizi ina uwezo wa kutenga mtandao wa wageni na kuzuia simu moja isiione nyingine; fundi anafanya hivyo kwa muda wa kunywa chai. Tena wale wanaokusanya namba za simu za watu kwenye ukurasa wa kuingilia wakumbuke kwamba Kanuni ya Dijitali, iliyotiwa saini tarehe 13 Machi 2023, inalinda data za mtu binafsi. Namba ya mteja si mali ya mwenye hoteli ya kuuza kwa watuma matangazo. Sheria hiyo hiyo inaadhibu kuingia kwenye mfumo wa mwingine bila ruhusa, jambo ambalo wale wa ukutani wangefaa kulijua kabla ya kujisifu kwamba wameivunja wifi ya fulani. Kuomba neno la siri ni bora kuliko kulivunja, na mara nyingi linatolewa.

Deni kubwa zaidi liko juu. Wakongomani hawajasahau RAM, ile kodi ya kusajili simu iliyoanza mwaka 2020: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, hadi dola 7 kwa simu ya 3G au 4G, ikikatwa kwenye yunite kidogo kidogo, mpaka hasira ya raia na ya wabunge ilipoifuta mapema mwaka 2022. Hakuna mtaa wa Lubumbashi unaoweza kuonyesha wifi ya watu wote na kusema: hii ndiyo iliyotokana na yunite zetu. Wakati huo huo sheria ya mawasiliano ya Novemba 2020 inazungumzia huduma kwa wote, na mfuko wake upo, FDSU, unaolishwa na sekta yenyewe ya mawasiliano. Mfuko huo una kazi kubwa vijijini, ambako hata kupiga simu ni kupanda mlima, na hakuna anayesema vijiji viachwe. Ila kijana wa Ruashi au wa Annexe aliye kilomita chache kutoka kwenye mnara, na asiye na franka za kuutumia, naye yuko nje ya mtandao.

Mifano ya miji mingine haikosekani, na inafundisha pande zote mbili. Tshwane, mji mkuu wa Afrika Kusini, ilianza mwaka 2013 kuweka wifi ya bure karibu na vyuo, shule na mahali pa watu wengi, kila mtu akiwa na kiasi chake cha mega kwa siku; anayekimaliza anangoja kesho. Kiasi hicho kilikuwa na maana: kilimpa kila mmoja zamu, na mitandao haikumezwa na watazama filamu. Upande mwingine, Google ilianzisha mwaka 2015 wifi ya bure kwenye vituo vya treni vya India, ikaipeleka hadi Nigeria na Afrika Kusini, kisha mwaka 2020 ikatangaza kuiacha, ikieleza kwamba mega za simu zimekuwa rahisi. Kwa India ilikuwa kweli. Anayetaka kutumia hoja hiyo hiyo Lubumbashi afike kwanza kwenye moja ya kuta zile saa kumi na mbili za jioni.

Kwa hiyo mji hauhitaji kuanza na mradi mkubwa wa kukatiwa utepe. Mtaa wa Kasapa, ambako chuo kikuu kipo, ungekuwa mwanzo unaoeleweka. Kisha maktaba moja, kisha jengo la wilaya katika kila moja ya wilaya saba za mji, mahali penye taa, kiti na mlinzi, ambapo msichana anaweza kutuma barua yake ya kuomba kazi bila kusimama gizani. Kila mtu apewe kiasi cha siku, cha kutosha kusoma, kuandika na kutuma. Asiombwe namba ya simu kama haihitajiki, na kama inahitajika aelezwe inakwenda wapi. Meya wa mji na serikali ya jimbo la Haut-Katanga wanaweza kuzungumza na kampuni za simu, ambazo zinafanya biashara nzuri mjini humu, zitoe sehemu ya intaneti hiyo kwa bei ya chini, na ushuru wa matangazo yao barabarani ni mlango mmoja wa mazungumzo.

Kuna kitu kingine kisichohitaji bajeti ya mtu yeyote. Mahali popote penye wifi halali, iwe parokia, kitivo au mgahawa, pabandikwe karatasi ukutani yenye jina kamili la mtandao wa nyumba ile, herufi kwa herufi, na chini yake mstari mmoja: mtandao huu hautaomba kamwe namba ya siri ya pesa wala tarakimu zilizotumwa kwa SMS. Mlinzi asiyependa vijana mlangoni pake ataona angalau kwamba wanaposoma karatasi hiyo hawamwulizi yeye.